Je, wajua kwa nini Nairobi ilipanda juu karibu miaka 40 kabla ya Dar es Salaam?

Mwaka 1973, mtu aliyesimama Uhuru Park akiutazama mji wa Nairobi aliona mnara wa mviringo wenye rangi ya chungu kilichochomwa, ghorofa 28, mita 105 kwenda juu. Ni KICC, jumba la mikutano la Kenyatta. Mwaka huohuo aliyeingia bandari ya Dar es Salaam kwa meli alipokewa na mnara wa kanisa la Azania Front, mnara wa Mtakatifu Joseph, na Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa 1965, ambayo haikufika hata ghorofa 10. Dar ilingoja hadi 2014 kupata minara pacha ya mfuko wa pensheni wa PSPF, mita 153 hivi. Kwa nini pengo lote hilo?

Wengi hudhani ni ufundi. Sivyo. Saruji ilikuwepo, Wazo Hill ilikuwa inazalisha tangu miaka ya 1960, na wahandisi wangepatikana. Jibu la kwanza liko kwenye sheria. Aprili 1971 Tanzania ilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Majengo: jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 likawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyozeeka, na lililozidi miaka 10 halikulipiwa kitu. Jumba refu hurudisha gharama zake polepole sana, kwa kodi ya wapangaji ya miaka 15 au 20. Nani angemwaga zege la ghorofa 20 akijua litakuwa lake kwa miaka michache tu? Mwaka 1973 ukaja uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na fedha ya serikali nayo ikatazama bara.

Nairobi ilikwenda njia nyingine. Kampuni za kigeni zilizotaka ofisi moja ya kuhudumia Afrika Mashariki nzima ziliichagua, na hoteli zikafuata. Mnara wa duara wa Hilton ulifunguliwa 1969, ukafungwa Desemba 2022. KICC yenyewe ilianza kujengwa 1967 kama makao makuu ya chama cha KANU, jengo dogo zaidi kuliko tunaloliona leo. Mchoraji alikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway, akifanya kazi na David Mutiso, msanifu mkuu wa Wizara ya Ujenzi. Kenya ilipopewa mkutano wa Benki ya Dunia na IMF wa Septemba 1973, wa kwanza kufanyika Afrika, michoro ikapanuka: kumbi kubwa, ukumbi wa paa lenye umbo la pia, mgahawa unaozunguka juu kabisa. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, nayo ilianzia humo kabla ya kuhamia Gigiri.

Litazame kwa karibu jengo hilo, kwani lina funzo ambalo majumba mengi mapya yamelisahau. Madirisha yake yamerudishwa ndani, na mbele yake kuna mapezi ya zege yanayosimama wima kukata jua kabla halijagusa kioo. Jumba la kioo kitupu, hasa kwenye joto la Dar, hugeuka tanuri. Mpangaji hulipa kodi, kisha hulipa tena umeme wa viyoyozi.

Dar ilipoanza kupanda, nani alijenga? Benki Kuu, Mamlaka ya Bandari (jumba lake karibu na bandari lina mita 157 hivi) na mifuko ya hifadhi ya jamii. Mfuko wa pensheni hukusanya michango leo na kulipa mafao miaka 30 baadaye, kwa hiyo una fedha yenye subira ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo hana. Nairobi ni hivyohivyo, ila huko subira ni ya kampuni za bima: UAP Old Mutual, mita 163, na Britam, zote Upper Hill. Hatari yake ni kwamba mfuko unaweza kujenga kwa sababu fedha ipo, si kwa sababu wapangaji wapo, na ghorofa zikakaa tupu.

Udongo unakuja wa pili, ingawa ndio unaoua. Upper Hill mwamba wa volkano uko karibu na uso wa ardhi, nyayo za nguzo hukaa juu yake moja kwa moja. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, lazima uondolewe wote hadi kwenye mwamba. Katikati ya Dar ni mchanga, na chini yake matumbawe. Maji ya ardhini yako karibu, tena yana chumvi. Shimo la ghorofa za chini huchimbwa pampu zikivuta maji mchana na usiku. Ukivuta ovyo, mchanga unahama na nyumba ya jirani inapata nyufa. Zege likiwa na matundu au nondo zikiwekwa karibu mno na uso, chumvi hupenya, nondo huota kutu, hutanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Ila jengo la ghorofa 16 lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 halikungoja chumvi. Lilianguka likiwa bado linajengwa, ghorofa zikiwa zimezidi kibali.

Kuna jambo dogo ambalo mpangaji wa juu hulijua siku ya kwanza: maji. Kila mita 10 za kupanda hutaka presha ya ba moja (ba ni kipimo cha presha), kwa hiyo mita 150 ni ba 15, na mabomba ya kawaida ya chini yangepasuka. Ndiyo maana huwekwa matangi na pampu katikati ya jengo, kila kipande kikijihudumia. Jenereta nalo lisipoweza kubeba pampu na angalau lifti moja, umeme ukikatika ghorofa ya 30 ni kijiji kisicho na barabara.

Na ukisikia watu wanabishana jumba lipi refu, uliza kwanza wanapima mpaka wapi. Britam hutajwa kuwa na mita 200, lakini kama mita 60 za hizo ni mlingoti wenye mitambo ya upepo. Hakuna ofisi huko. Jumba kuu la Global Trade Centre la Westlands, mita 184, lina ghorofa 43 dhidi ya thelathini na kitu za Britam. Kwa kanuni za kimataifa mlingoti ulio sehemu ya usanifu huhesabiwa, antena haihesabiwi. Ubishi wenyewe ulipoa Februari 2022, Addis Ababa ilipozindua makao makuu ya Benki ya Biashara ya Ethiopia: mita 209.