Pato Likipanda, Mto Haujisafishi Wenyewe

"Tujenge viwanda kwanza, mto tutausafisha tukishapata hela." Kauli hii tunaisikia sana, na haikutoka hewani. Mwaka 1995 wanauchumi Gene Grossman na Alan Krueger walilinganisha pato la nchi mbalimbali na hali ya mito yao. Waliona uchafuzi huongezeka uchumi unapokua, hufika kileleni, kisha hupungua. Mara nyingi kabla pato la mtu halijafika dola 8,000 kwa mwaka. Wanaoishika hoja hii husahau onyo lao: kushuka huko hakuji kwenyewe, huletwa na sheria na wananchi wanaodai maji safi.

Tazama mto Thames, unaopita London. Mwaka 1858 mto huo ulinuka hadi mapazia ya Bunge la Uingereza yakalowekwa dawa ya klorini. Mabomba makubwa yakajengwa, lakini kazi yake ilikuwa kuupeleka uchafu mbele zaidi mtoni, kuelekea baharini, mbali na pua za wakubwa. Uingereza ikazidi kutajirika, na bado mwaka 1957 wataalamu walitangaza kwamba Thames ndani ya London imekufa. Samaki aitwaye samoni alionekana tena 1974, baada ya mitambo ya kusafisha majitaka kuboreshwa.

Kinyesi na damu ya machinjioni vikiingia mtoni, bakteria huvila huku wakimaliza oksijeni ya majini. Samaki hufa, maji huwa meusi na kunuka mayai viza. Uchafu wa namna hiyo ukizuiwa, mto huzinduka. Metali hazina huruma hiyo. Metali zenye sumu kama risasi (madini, si ya bunduki) na kromiamu huzama kwenye tope na kukaa humo miaka na miaka.

Ndiyo maana mto Msimbazi unatunyima usingizi. Bondeni humo, katikati ya Dar es Salaam, watu hulima mchicha na kuumwagilia maji ya mto uleule unaopokea majitaka ya viwanda, na watafiti wamekuta risasi kwenye mboga hizo. Anayekula leo hawezi kusubiri pato lipande hadi uchafuzi uanze kupungua.

Kumwaga majitaka mtoni kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Msimbazi ni Wami/Ruvu. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla au yana povu, toa taarifa saa hiyohiyo. Rangi hupita upesi, na sampuli ya kesho inaweza isikute kitu.