Err 01 si uchafu: wekeni chini huo ufutio

Juzi nimepokea lenzi ya Canon 24-105 f/4L ambayo kontakti zake, vile vipande vidogo vya chuma vinavyogusana na kamera, zimekwaruzwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mwenye lenzi ni kijana anayepiga picha za harusi, anajua kazi yake, picha zake nimeziona. Kamera ilimwandikia Err 01, yaani kosa la mawasiliano na lenzi, katikati ya sendofu, bi harusi mtarajiwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Akauliza wenzake, nao wakampa jibu lile lile: safisha kontakti. Akafuta kwa shati, ikapiga picha sita ikagoma. Akafuta kwa ufutio, ikapiga tatu ikagoma. Usiku aliporudi nyumbani akatafuta msasa.

“Fundi, nimesugua mpaka zimeng’aa,” akaniambia, “lakini bado.”

Zilikuwa zinang’aa kweli, ila kwa weupe. Ile rangi ya njano ndiyo dhahabu, na ni utando mwembamba mno. Ukiupitishia msasa unafika kwenye nikeli iliyo chini yake, ukiendelea unafika kwenye shaba. Dhahabu haili kutu. Hizo za chini huchafuka, na kwa hewa ya Dar yenye chumvi hazichukui muda mrefu. Lenzi ilikuwa na ugonjwa mmoja, ikafika mezani kwangu na miwili, na huo wa pili umeletwa na ushauri wa watu waliokuwa wanamtakia mema.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa fleksi ya apecha, yaani utepe mwembamba wa umeme unaopeleka amri kwenye lile tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi. Kontakti hazikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja, tena baada ya madhara kutokea, kwa hiyo leo naliandika.

Wapigapicha siwalaumu, kwa sababu kamera yenyewe ndiyo inayowapoteza. Inaandika kwenye skrini kwamba mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu, safisha kontakti za lenzi. Kitabu chake kinaongeza: au tumia lenzi ya Canon, au toa betri uirudishe. Mtu akisoma hivyo atafanya nini? Atasafisha. Na tatizo kubwa ni kwamba kusafisha kunaonekana kufanya kazi. Hapo ndipo imani hii inapopata nguvu, na hapo ndipo ninapoomba tukae kidogo.

Fuata hatua za mtu anayesafisha. Anazima kamera. Anatoa lenzi. Anafuta. Anarudisha lenzi, anaizungusha mpaka inajifunga. Anawasha. Kufuta ni hatua moja tu kati ya hizo. Zile nyingine zimeifanya kamera isahau kosa na kuanza mazungumzo upya, lenzi imetikisika, na mkono ulioishika umesogeza zumu bila mwenyewe kujua. Fleksi iliyopasuka nusu ikitikiswa hugusana tena kwa muda. Inapiga picha sita. Mwenye kamera anasema “kumbe ulikuwa uchafu”, anawaambia kumi, na kumi wanawaambia mia. Siku ikikukuta, zima kamera, toa lenzi, irudishe bila kufuta chochote, kisha hesabu. Mara nyingi utapata picha zako sita zile zile.

Sasa jaribio ambalo natamani kila mpigapicha alifanye angalau mara moja, hata kama kamera yake ni nzima. Toa lenzi kabisa kwenye Canon yako ya kioo (DSLR), weka M, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe, bonyeza shata, kitufe cha kupigia. Inapiga, haina lalamiko, na mahali pa namba ya apecha panaonyesha 00. Ni hivyo hivyo ukifunga lenzi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, kwa adapta isiyo na chipu. Maana yake, kamera isiyoisikia lenzi kabisa haisemi Err 01. Inaamini hakuna lenzi, inaendelea na kazi yake. Err 01 hutoka pale lenzi ilipokwisha kuitikia, ikajitambulisha, ikataja milimita zake na apecha zake, kisha ikapewa amri ikashindwa kuitimiza, au ikakatika katikati ya maneno. Ni kama mgonjwa aliyekuitikia hodi, kisha akaanguka akija kufungua. Kuusugua mlango hakumtibu.

Na amri inayoshindikana mara nyingi ni moja: funga apecha.

Tangu Canon walipoleta mfumo wa EF mwaka 1987, hakuna chuma kinachosukuma chochote kutoka kwenye kamera kwenda kwenye lenzi. Kila kitu ni umeme. Apecha ina mota yake ndogo ndani ya lenzi, na mota hiyo inapata amri kupitia fleksi. Unapotazama kwenye kitundu, hata ukiwa umeweka f/11, apecha iko wazi kabisa. Inafunga wakati wa kupiga tu, kisha inafunguka. Ndiyo maana utatazama vizuri, utafokasi vizuri, namba zote zitaonekana, halafu kosa likutoke kwenye shata. Kwenye zumu kama 24-105 ya kwanza au zile 18-55 zinazouzwa pamoja na kamera, kitengo cha apecha husafiri ndani ya lenzi kila unapozumu, na fleksi hujikunja pamoja nacho. Kila zumu ni mkunjo mmoja. Hesabu unazumu mara ngapi katika harusi moja, kisha zidisha kwa Jumamosi zote ulizofanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitambaa, weka Av, ambapo wewe unachagua apecha na kamera inapanga mengine, shusha namba ya apecha mpaka ile ndogo kuliko zote ambazo lenzi inazo, hapo apecha iko wazi kabisa, piga picha kumi. Kisha weka f/8, piga kumi nyingine. Ikipiga vizuri kwenye f/4 na kugoma kwenye f/8, mshukiwa wako ni apecha. Rudia zumu ikiwa 24, rudia ikiwa 105, kwa sababu fleksi inayokufa huwa na mahali pake: nimeona zinazogoma upande mmoja wa zumu tu na kupiga upande mwingine kama hazina tatizo. Kwenye kamera yenye kitufe cha kuonja kina cha fokasi, kile kilicho karibu na mdomo, pale lenzi inapofungwa, weka f/11, ukibonyeze, utazame lenzi kwa mbele. Unatakiwa kuona majani ya apecha yakijifunga na kubakiza tundu dogo. Yakibaki wazi, au kosa likijitokeza hapo hapo, umepata jibu bila hata kupiga picha.

Hili ndilo linaloniuma kwenye habari ya kijana yule. Angeweza kumaliza sendofu nzima kwa f/4. Apecha ikiachwa wazi haina cha kufunga, na lenzi nyingi zenye ugonjwa huu hupiga siku nzima bila kugoma. Picha za familia za safu tatu zinahitaji urudi nyuma hatua kadhaa ili nyuso za nyuma zisipotee, basi. Badala yake alitumia saa nzima ya ukumbini akifuta.

Nakiri kwamba dalili hii si hukumu kamili. Kuna fleksi zilizokatika moja kwa moja ambazo hugoma hata kwenye f/4. Na kuna lenzi za zamani za Sigma, za enzi za filamu, ambazo hupiga zikiwa wazi na kugoma zikifungwa, sawasawa na nilivyoeleza, lakini fleksi zake ni nzima. Sigma walijifunza lugha ya Canon kwa kuisikiliza, hawakupewa kitabu chake, na kamera zilizokuja baadaye zikaanza kusema maneno ambayo chipu zile haziyajui. Niliwahi kuifungua moja nikiwa na uhakika kabisa, nikakuta hakuna kilichokatika, nikamrudishia mteja pesa yake. Dawa yake ilikuwa chipu mpya, na Sigma waliibadilisha kwa baadhi ya lenzi tu. Siku hizi naanza kwa kuuliza umri wa lenzi.

Kwenye kamera za Canon za umri wa 350D na 400D usitafute Err 01 peke yake. Hizo kosa la lenzi au la shata mara nyingi huandika Err 99, na majaribio ni yale yale.

Je, kontakti haziwi na kosa kamwe? Huwa nalo. Mtu aliyepiga picha ufukweni Bagamoyo au Kizimkazi na kubadilisha lenzi upepo ukivuma, simwambii habari za fleksi kwanza. Dalili zake ni nyingine: ile 00 inakuja na kuondoka huku lenzi imefungwa, otofokasi inakatika, kosa linatoka hata apecha ikiwa wazi, na linatoka kwa kila lenzi unayofunga. Tazama pini za kwenye kamera, maana hizo ndizo zenye springi. Chukua kijiti cha meno, sukuma moja moja taratibu. Kila moja izame na irudi juu sawa na wenzake. Iliyobaki chini imeshikwa na chumvi au imepinda, na hakuna kitambaa cha lenzi kitakachoinyanyua.

Kufuta kwenyewe ni kazi ya kitambaa laini kikavu. Doa likikataa, isopropili, spiriti safi isiyo na mafuta, kidogo kwenye kitambaa, kamwe usidondoshe kwenye kamera. Spiriti ya duka la dawa iacheni, kwa sababu ile ya kusafishia ngozi huwa na mafuta ya nyonyo, na unayabakiza pale pale unapotaka pawe pakavu. Mdomo wa kamera utazame chini wakati wote. Ufutio ukiutumia juu ya mdomo ulio wazi, makombo yake yanaingia kwenye chumba cha kioo na kuishia kwenye sensa. Najua mafundi wazuri wanaotumia ufutio laini na hawajaharibu kitu. Mimi pia niliutumia miaka yangu ya mwanzo, nikapokea pesa za watu kwa kazi ya kufuta, na lenzi zikarudi baada ya siku mbili. Ndiyo maana naandika kwa ukali.

Baina ya uchafu na fleksi kuna kundi ambalo watu hawalitaji: kulegea. Skrubu za kitako cha lenzi hulegea. Kitako cha plastiki cha 18-55 hupata ufa lenzi ikianguka, na ufa huo hauonekani mpaka uzungushe lenzi kwa mkono ukaona kosa linakuja na kuondoka. Wanaotumia lenzi za EF kwenye kamera za R, zile Canon zisizo na kioo, wameongeza mlango mwingine wa kulegea, nao ni adapta, kwa hiyo jaribuni adapta ya mtu mwingine kabla ya kuihukumu lenzi. Wanaobeba 70-200 kwa kushika kamera, huku lenzi nzito ikining’inia mbele, wanaichosha midomo yote miwili. Shika lenzi.

Mota ya fokasi na kiimarishi cha picha vinaweza pia kuvuta umeme mpaka mazungumzo yakatike. Weka MF, yaani fokasi ya mkono, zima kiimarishi, piga tena. Kosa likiondoka, umejua upande wa kutafuta. Betri za bandia nazishuku kwa sababu hiyo hiyo: zinaonyesha zimejaa, lakini zikiombwa nguvu ya ghafla zinazama. Nimeona Err 01 ikiondoka kwa kubadilisha betri tu. Ila kubadilisha betri ni kuzima na kuwasha, nami nimetoka kuwaambia jinsi kuzima na kuwasha kunavyodanganya, kwa hiyo siiiti betri mkosaji mpaka kosa lirudi na betri ile ile mara tatu.

Wenzetu wa Nikon wasichukue haya yote kama yalivyo. Lenzi zao nyingi za kamera za kioo hufungwa apecha kwa mkono wa chuma, umeme hauhusiki hapo. Kosa la fEE kwenye lenzi yenye pete ya apecha linasema tu kwamba pete haijafungwa kwenye namba kubwa kuliko zote. Izungushe mpaka mwisho, uifunge kwa kitasa chake, na kwaheri. Nimeshaletewa lenzi nzima kabisa kwa sababu hiyo, mtu akiwa ameshaambiwa imekufa.

Kuhusu kutengeneza: kwa 18-55 nakushauri ununue nyingine iliyotumika, kazi ya kuifungua haina faida kwako. Kwa 24-105 inafaa. Anayeifungua aweke alama mahali vioo vilipokaa kabla ya kuvitoa, la sivyo utarudishiwa lenzi inayopiga bila Err 01 lakini upande mmoja wa picha umefifia. Muulize fundi wako kabla hujamwachia.

Lenzi ya yule kijana nimeshaibadilisha kitengo cha apecha, inafunga mpaka f/22 katika zumu yote. Kilichobaki ni kontakti alizosugua. Zinasoma leo, lakini nimeagiza kipande kipya, kwa sababu mvua za masika zikianza sitaki anipigie simu kutoka ukumbini. Jumamosi hii ana harusi nyingine. Nimemwazima 50mm.