Takwimu zilipokaa meza moja na bajeti: Rufiji na Morogoro Vijijini

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo, mradi fedha hizo zipelekwe kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Kwenye karatasi hoja ilikuwa safi. Kazi ilibaki kwa mganga mkuu wa wilaya, mwenye zahanati zinazovuja na barabara zinazokatika kila masika. Wizara ya Afya ya Tanzania na IDRC, shirika la Canada linalogharimia utafiti wa maendeleo, wakaamua kuijaribu hoja hiyo katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi uliitwa TEHIP, na kazi wilayani ilianza mwaka 1997.

Mara nyingi mtafiti na mtendaji hukutana mwanzoni, kusaini barua, na mwishoni, kwenye warsha ya mrejesho. Hapa walifanya kazi pamoja katikati, kipindi ambacho bajeti hupangwa.

Kuanzia mwishoni mwa 1998, wahoji wa Rufiji walipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Palipotokea msiba, ndugu waliulizwa kwa upole dalili alizokuwa nazo marehemu, kwani wengi walifia nyumbani na hospitali haikuwa na kumbukumbu yoyote juu yao. Morogoro kulikuwa na mradi mwingine uliokwisha kuanza kufuatilia vifo, na takwimu zake ndizo zilizotumika.

Takwimu za namna hii kwa kawaida huishia kwenye majarida ya kitaaluma ambayo mganga mkuu hana hata namna ya kuyafungua. Hapa zilichorwa kwa pau: kila ugonjwa umepoteza miaka mingapi ya maisha ya watu kwa kuwaua mapema, na umetengewa fedha kiasi gani. Morogoro ilionekana kwamba malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilipata asilimia 5 tu. Kifua kikuu, kilichobeba chini ya asilimia 4, kilipata asilimia 22.

Msomaji asidhani watumishi wa wilaya walikuwa wazembe. Fedha nyingi wakati ule zilishuka kutoka juu zikiwa zimekwisha kufungwa kwenye ugonjwa mmoja mmoja. Isitoshe, ugonjwa unaodhibitiwa vizuri huonekana mdogo kwenye mchoro, na ukiunyima fedha utarudi. Mtafiti anayetazama pau tu anaweza kushauri vibaya hapo. Anayejua hatari hiyo ni mtu wa wilayani, na ndiyo maana uamuzi ulibaki mikononi mwa timu ya afya ya wilaya.

Takwimu hizo pia zilitikisa dhana moja ya watumishi wenyewe. Ilizoeleka kusemwa kwamba watoto hufa kwa malaria kwa sababu wazazi hukimbilia kwa waganga wa jadi, hasa mtoto akipata degedege. Mahojiano na familia zilizofiwa yalionyesha kwamba wengi walikuwa wamekwenda kutafuta tiba ya kisasa. Tatizo basi halikuwa ukaidi wa wazazi peke yake. Ilibidi kuuliza pia mtoto alifika lini, alipokewaje na alipewa dawa gani.

Wilaya ziliruhusiwa kuongezewa hadi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Zikaweza kutumia kama senti 80 tu. Hapo swali la utafiti likabadilika, na waliolibadilisha ni watendaji: hata ukijua cha kununua, nani atakisimamia? Zikaja redio za mawasiliano, vituo vya afya vikapewa jukumu la kusimamia zahanati za jirani, na wanakijiji wakajitolea nguvu zao kukarabati majengo. Mambo haya hayavutii sana wahariri wa majarida. Kwa maoni yangu, ndiyo yaliyoibeba kazi yote.

Katika miaka mitano vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo mbili. Si haki kuupa mradi sifa yote, kwa kuwa vyandarua na mengineyo vilikuwa vikienea. Tathmini tofauti ilizilinganisha na wilaya za Kilombero na Ulanga, ambako mafunzo ya watumishi wa afya ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake hayakuwa yameanza, ikakuta vifo hivyo vikiwa chini kwa asilimia 13 Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizokuwa na mafunzo hayo. Mimi huishika zaidi namba hii ndogo, maana ina kitu cha kulinganishwa nacho.

Leo utafiti wa afya Tanzania Bara unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na hilo ni jema, lakini kibali hakimlazimishi mtafiti awe na manufaa kwa halmashauri. Kwa hiyo mkurugenzi au mganga mkuu anapoletewa barua ya kuomba kuingia wilayani, aulize swali la utafiti limetoka kwa nani, takwimu zitabaki wapi watafiti wakiondoka, na kama matokeo ya awali yatafika, kwa Kiswahili, kabla mpango wa afya wa halmashauri haujafungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai. Ripoti ikifika Agosti, mpango wa mwaka huo umekwisha kupita bila yake.