Je, wajua kwa nini fundi hugusa bati la keisi kabla ya kushika mazabodi?

Ukimpelekea fundi wa Kariakoo kompyuta ya mezani iliyokufa mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, tazama mikono yake kabla hajaitoa bodi mpya kwenye mfuko. Fundi makini hugusa kwanza bati tupu la keisi (kasha la kompyuta), mahali pasipo rangi, ndipo aishike bodi. Wateja wengi huona ni mazoea tu. Kumbe anausawazisha umeme tuli uliomo mwilini mwake na keisi, ili usije ukarukia kwenye chipu.

Umeme huo tunaukusanya kwa kutembea, kuinuka kitini, hata kuvua sweta. Cheche yake huanza kusikika kidoleni ikifika volti 3,000 hivi, na kuna chipu zinazodhurika kwa volti chini ya 100. Kwa hiyo unaweza kuiua bodi usisikie kitu. Pengine hutaiua, utaijeruhi tu: leo inawaka vizuri, baada ya miezi kadhaa inaanza kujizima ovyo na hakuna anayekumbuka siku ilipofungwa.

Hapo ndipo Dar ina bahati yake. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu huufanya umeme tuli uvuje kabla haujalundikana. Ndiyo maana fundi anayefanyia kazi barazani, bila ile kamba maalumu ya kufunga mkononi, anaweza kumaliza miaka asiunguze bodi kwa mkono wake. Kwenye ofisi ya ghorofani pale Posta, yenye zulia na AC inayokausha hewa kutwa nzima, mambo ni mengine. Huko gusa bati mara kwa mara, kwa sababu kila ukiinuka na kurudi unakuja na mzigo mpya.

Kuna wanaoshauri uiache mashine kwenye soketi ya ukutani ili upate ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Mimi nasema chomoa. Ekstensheni nyingi za mtaani hazina ethi yoyote, na pawa saplai, kile kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, ikiwa imechomekwa huendelea kutoa volti 5 za akiba kwenda kwenye bodi hata kama kompyuta imezimwa. Muhimu ni wewe na keisi muwe sawa, na hilo linawezekana bila waya wa ukutani. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe. Pawa saplai yenyewe usiifungue kabisa. Ndani yake kuna umeme unaoweza kukudhuru hata baada ya kuchomoa.

Lakini kwa maoni yangu, hapa Dar umeme tuli hubebeshwa lawama zisizo zake. Ikitokea bodi mpya imekufa siku ileile ya kufungwa, mimi ningeanza kutafuta chuma.

Anza na vile vijiguu vya shaba ambavyo bodi hukalia. Upande wa chini wa bodi umejaa ncha za lehemu, na vijiguu ndivyo vinavyoziweka mbali na bati. Tatizo ni kwamba vipimo vya bodi vinatofautiana. ATX, kipimo kilicholetwa na Intel mwaka 1995, ina milimita 305 kwa 244, na microATX ina 244 kwa 244. Ukitoa kubwa ukaweka ndogo, baadhi ya vijiguu havitakuwa na tundu la kukutana nalo, na kimoja kikibaki chini ya bodi kinagusa lehemu: shoti. Iweke bodi mpya juu bila kufunga skrubu, hesabu matundu yake, kisha ondoa kila kijiguu kisicho na mwenzake. Ni kazi ya dakika mbili ambayo wengi huiruka.

Halafu pini za soketi, yaani kikao cha prosesa (chipu kuu ya kompyuta) kwenye bodi. Kuanzia mwaka 2004, kwa soketi ya LGA775, Intel iliziondoa pini kwenye prosesa za mezani na kuzihamishia kwenye bodi. Mpinzani wake AMD alifuata mwaka 2022 kwa prosesa zake za kawaida za mezani, kwa soketi ya AM5. Pini hizo ni nyembamba kama unywele, siku hizi zaidi ya elfu moja kwenye eneo dogo, na moja tu ikipinda unaweza kupoteza nafasi moja ya RAM (kumbukumbu ya muda) au bodi nzima. Kile kifuniko cha plastiki usikitoe mpaka prosesa iwe mkononi. Ishushe wima, ukilinganisha pembetatu ndogo ya pembeni mwa prosesa na ile ya soketi, wala usiikandamize. Na usiamini hesabu ya pini peke yake: prosesa za Intel za kizazi cha 8 hukaa vizuri tu kwenye soketi ya LGA1151 ya bodi za kizazi cha 6 na cha 7, ila mashine haiwaki.

Waya za umeme ndizo zinazowasumbua zaidi wenye mashine za mtumba. Dell OptiPlex 9020 hulisha bodi yake kwa plagi ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 kwa pini 6, wakati bodi ya kawaida ya dukani inataka pini 24. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha bodi ya mashine hizo, tafuta ya modeli ileile, au ukubali kununua na pawa saplai, na pengine hata keisi. Afadhali hizi hazichomekeki pasipo pake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dell ilitumia plagi iliyofanana na ya kawaida lakini waya zake zimepangwa tofauti. Ilichomeka vizuri, kisha ikaunguza. Mtego huo bado upo kwenye pawa saplai zenye waya za kuchomoa. Upande unaoingia kwenye bodi ni uleule kwa kampuni zote, ila upande unaoingia kwenye pawa saplai kila kampuni inajipangia. Usiazime waya wa pawa saplai nyingine.

Kabla ya kuifungia bodi ndani ya keisi, ijaribu nje. Ilaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu, weka prosesa, feni yake na RAM moja, chomeka umeme, kisha gusisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za kitufe cha kuwashia. Usiilaze juu ya mfuko wake wa rangi ya fedha, ingawa utaona watu wakifanya hivyo. Mfuko huo umetengenezwa kusambaza umeme kwenye uso wake, jambo usilolitaka chini ya bodi inayowaka.

Hatari ya mwisho haihusu bodi, inahusu mafaili yako. Windows nyingi za siku hizi husimba diski kwa BitLocker, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo, na toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, limeongeza idadi ya kompyuta zinazosimbwa zenyewe bila mwenyewe kujua. Ufunguo hutunzwa na TPM, kifaa cha usalama kilicho kwenye bodi au ndani ya prosesa, na TPM ikiona bodi imebadilika haiutoi. Utaombwa namba ya tarakimu 48. Itafute mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft, hata kwa simu, na uiandike pembeni. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani nayo imefungwa kwenye bodi ya zamani, kwa hiyo usishangae ukiambiwa haijasajiliwa.

Na ukiwasha ukakutana na skrini ya buluu inayosema diski haifikiki, usiharakishe kufuta Windows. Ingia BIOS, ile mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, angalia SATA (njia ya kuunganisha diski) imewekwa AHCI au RAID, ambazo ni namna mbili za bodi kuisoma diski, uirudishe kama ilivyokuwa kwenye bodi ya zamani, kisha washa tena.