Katalogi ya maonyesho ya zamani ni kitu gani hasa

Ukitaja katalogi hapa Moshi wengi wanawaza ile ya milango na vigae dukani, ila kwa wachoraji ni kijitabu kinachochapwa kwa ajili ya maonyesho fulani, unapewa mlangoni au unauziwa, na ndani mna orodha ya picha zilizotundikwa: namba, jina, mwaka, imechorwa kwa rangi ya aina gani, vipimo, saa nyingine na bei.

Zile za mwanzoni ndo adimu. Mchoraji bado hajajulikana, zinachapwa nakala kidogo tu, kurasa chache na picha moja mbili nyeusi na nyeupe, watu wanazikunja wanatia mfukoni, wiki ikiisha ziko jalalani.

Sasa mchukueni mchoraji Mzee Sam Ntiro wetu wa Machame, kazaliwa 1923, kasoma Makerere halafu chuo cha sanaa cha Slade kule London, badae akaja kuwa balozi wetu Uingereza. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanampelekea bibi harusi mbege usiku, ilichukuliwa na MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, 1960, hiyo haina shida inajulikana ilipo. Ila picha ikinunuliwa na mtu ikakaa sebuleni kwake miaka 50, siku imeibuka mnadani utajuaje ndo yenyewe? Jina halitoshi maana mchoraji anaweza kuwa na "Sokoni" nne na "Mavuno" tatu. Hapo unafungua katalogi unaangalia vipimo, kwa kawaida urefu wa kwenda juu unatangulia ndo upana, za zamani za Uingereza ni kwa inchi, ukikuta 24 kwa 36 na picha uliyonayo ni 24 kwa 36, mwaka nao unakubali, basi umepata pa kuanzia.

Niliwahi kushika moja, pini za kushikia kurasa zimeshika kutu mpaka karatasi imepiga rangi ya kahawia katikati, na pembeni ya namba 9 mtu kaandika bei kwa penseli na neno "imeuzwa". Mimi hiyo penseli naithamini kuliko maandishi ya kuchapwa, kwa sababu yaliyochapwa yapo kwenye kila nakala ila hilo neno liko kwenye hiyo moja tu.

Kwahiyo ukiikuta kwenye sanduku la babu usiibandue pini kwa nguvu, usiipige gundi wala selotepu, iweke kwenye bahasha ya karatasi sehemu kavu, na tafadhali sana hiyo penseli usiifute.