Kopolima za bloku zinazoitikia mwanga

Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana. Mnyororo huo ukijengwa kwa aina moja ya molekuli upande mmoja na aina nyingine upande wa pili, hiyo ni kopolima ya bloku. Mara nyingi bloku hizo hukataana kama mafuta na maji, lakini haziwezi kuachana kwa sababu zimefungwa kwa kifungo cha kovalenti, yaani kifungo imara cha kikemia. Zinachoweza ni kujitenga kidogo tu: kila aina hukusanyika na wenzake katika maeneo ya nanomita (bilioni moja ya mita) 10 hadi 100 hivi, yenye umbo la tufe, silinda au tabaka kulingana na uwiano wa urefu wa bloku.

Ili kopolima iitikie mwanga, bloku moja hupachikwa molekuli inayogeuka inapomulikwa. Maarufu zaidi ni azobenzini. Mwanga wa urujuanimno wa takriban nanomita 365 huipinda, urefu wake ukashuka kutoka nanomita 0.9 hivi hadi 0.55, nayo ikawa na mwelekeo zaidi wa kupatana na maji. Mwanga wa buluu au joto huinyoosha tena.

Badiliko hilo ni dogo mno, na hapo ndipo ninapouona uzuri wa bloku: molekuli zinazogeuka zimekusanywa mahali pamoja, kwa hiyo zikijipinda, eneo zima hubadilika. Majini, kopolima hizi huweza kuunda misela, yaani vitufe ambavyo bloku isiyopenda maji imejificha ndani. Dawa isiyoyeyuka majini huhifadhiwa humo. Mwanga ukiifanya bloku ya ndani ikubali maji vya kutosha, misela husambaratika na dawa ikatoka. Katika utando mkavu, azobenzini zilizojipanga huvurugika zikimulikwa, ilhali bloku ya pili, tuseme polistirini, hubaki ngumu na kulishikilia umbo.

Si kila badiliko hurudi nyuma. Vikundi vya nitrobenzili, aina nyingine ya molekuli zinazoitikia mwanga, hukatika kabisa, na kwa kazi ya kuachilia dawa mara moja naona hilo ni faida.

Kikwazo kikubwa kwa tiba ni kwamba urujuanimno haupenyi mbali mwilini na unaweza kudhuru seli. Ndiyo maana watafiti wanahangaikia molekuli zinazoitikia mwanga mwekundu au infraredi ya karibu (mwanga usioonekana unaopakana na mwekundu), ambayo hupenya zaidi ingawa fotoni zake, yaani chembe za mwanga, zina nishati ndogo ya kuzigeuza molekuli.