Wanawake wakiongea wao kwa wao: filamu zinavyotudanganya, na hali ilivyo

Bado wapo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanaoamini kwamba wanawake wakikaa pamoja, habari ni za wanaume tu, kwa hiyo filamu haina kosa ikionyesha hivyo. Simama sokoni Kadutu asubuhi usikilize. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anamuuliza mwenzake kama boti la kisiwa cha Idjwi limefika, kwa nini beseni limepanda bei, nani hajatoa pesa yake ya likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu. Mtoto wa huyu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval, yaani karo ya shule. Yule anatafuta dawa ya homa inayomrudia mama mkwe wake kila usiku. Mume naye atatajwa, kisha wataendelea na hesabu zao. Humo mna ugomvi, hila, kicheko na huruma, yaani kila anachokitafuta mwandishi wa filamu. Maneno hayo yapo kila siku. Anayeandika filamu ndiye ameamua kutoyasikiliza.

Kuna kipimo kinachotajwa sana katika mjadala huu, nacho kimezungukwa na dhana nyingi. Kilitokea mwaka 1985 katika katuni ya Alison Bechdel, mchoraji wa Marekani, aliyesema wazo lenyewe alilipata kwa rafiki yake Liz Wallace. Mhusika mmoja anaeleza kwamba haendi kutazama filamu isipotimiza masharti matatu: iwe na wanawake wasiopungua wawili, wazungumze wao kwa wao, na wazungumzie jambo lisilokuwa mwanaume. Filamu ya mwisho aliyoweza kuitazama, anasema, ni Alien ya 1979, kwa sababu wanawake wawili waliomo wanazungumza kuhusu lile dubwana.

Watu wengi wanakichukua kuwa ni mizani ya ubora, na hapo ndipo wanapokosea. Filamu inaweza kupita kwa sentensi mbili kuhusu viatu huku ikiwadharau wanawake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Gravity ya 2013, inayobebwa karibu yote na mwanamke mmoja aliyepotea angani, haipiti. Kipimo hiki hakisemi mengi juu ya filamu moja. Kinasema mengi unapozipima nyingi kwa pamoja: sharti ni jepesi kiasi hicho, na bado filamu nyingi zinaanguka. Geuza sharti, udai wanaume wawili wazungumze jambo lisilokuwa mwanamke, uone kama utapata kazi kuitafuta filamu inayopita.

Wala si kweli kwamba Sweden ilizipiga marufuku filamu zisizopita. Mwaka 2013 majumba manne ya sinema yalianza kuweka herufi A kwenye filamu zilizopita. Nyingine ziliendelea kuonyeshwa.

Wengine hudhani dawa ni shujaa mwanamke, mwenye bunduki, katikati ya wanaume kumi. Mwingereza Virginia Woolf aliiona shida hiyo mapema, katika insha yake ya mwaka 1929: wanawake wa hadithi za kubuni, aliandika, karibu wote huonyeshwa katika uhusiano wao na wanaume. Akawaza riwaya ambamo wanawake wawili ni marafiki, nao wanatumia maabara moja. Shujaa wa peke yake, hata awe hodari namna gani, hana rafiki wa kumwambia anachokiogopa.

Dhana inayoniuma zaidi inatuhusu sisi wenyewe: eti filamu za hali halisi kuhusu Kivu zimejaa sauti za wanawake, kwa hiyo hatuna deni. Tazama namna zinavyopigwa. Mwanamke amekaa peke yake, anamjibu mtu asiyeonekana, mara nyingi kupitia mkalimani, na swali ni lilelile: wanaume walikutenda nini? Ushahidi huo ni wa lazima. Bukavu ni mji wa hospitali ya Panzi, inayowatibu wanawake waliobakwa, na wa daktari wake Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na wanawake waliothubutu kusema ndio walioifanya dunia isikie. Lakini hakuna anayemuuliza dada huyo analima nini, rafiki yake ni nani, wanabishana kuhusu nini. Anaongea na kamera. Hazungumzi na mwenzake.

Na inawezekana kufanya vingine. City of Joy ya 2016, iliyopigwa hapahapa Bukavu katika kituo cha jina hilo, inawaonyesha wanawake darasani wakifundishana na kucheka pamoja. Maman Colonelle ya 2017 inamfuata afisa wa polisi Honorine Munyole, aliyefanya kazi Bukavu kabla ya kuhamishiwa Kisangani; wanawake walioumizwa na vita wanaonekana naye wakipanga maisha na kuwalea watoto waliosingiziwa uchawi. Aliyeiongoza ni Dieudo Hamadi, mwanaume Mkongomani. Kwa hiyo ile kauli kwamba ni mwanamke tu anayeweza kuyapiga mazungumzo haya, nayo haisimami.

Vijana wa hapa wanaoshika kamera, naomba mjaribu hivi: msimweke mama mmoja mbele ya lensi. Waketisheni wawili wanaofahamiana, waacheni waongee Kiswahili au Mashi, lugha ya Washi wa hapa, kama walivyozoea, msiwakatize kwa maswali, na tafsiri ifanywe baadaye wakati wa kuhariri.